Chuma cha Kichwani mwa Nyamhanga

Habari za ubongo, hapa Musoma mtu wa kuulizwa ni mimi. Nimeushika kwa mikono yangu hii miwili, nikaiona mikunjo yake, nikajua wapi pagumu na wapi palaini. Sawa, ulikuwa wa mbuzi, tena ulikuwa umeshakaangwa na kitunguu. Lakini wenzangu hata huo hawajauona, wao huletewaga miguu tu, kwa hiyo acheni nisimulie mimi.

Ulikuwa mwaka ambao vyama vilikuwa vingi, mitumba mingi kuliko vyama, na kazi hakuna. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimerudisha watu nyumbani kwa mafungu. Ndipo akaja Daktari Selestina kutoka chuo kikuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, pamoja na mzungu mmoja mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kubembeleza jenereta na kusalimia watoto. Wakapanga nyumba Mukendo, nyuma ya maduka ya vipuri. Ndani wakaweka kiti kama cha kinyozi na mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kabati lenye waya mnene, na mwisho wa waya kitu kama vitumbua viwili vilivyogandana. Unakaa, vitumbua vinaegeshwa kichwani, halafu unasikia: ta. Hakuna sindano, hakuna damu, hunyolewi hata unywele. Ila kidole chako kinaruka chenyewe, na wewe hujakituma.

"Hiyo ni sumaku," Daktari alieleza kwenye mkutano wa mtaa. "Inagusa ubongo kwa nje, sehemu ndogo, kwa muda wa kupepesa jicho. Ni kama mkulima anayeziba mfereji mmoja kidogo aone ni tuta gani litakosa maji. Tunataka kujua mtu anawazaje. Sehemu ipi inakumbuka, ipi inahesabu, ipi inatafuta maneno."

"Na mwenye kichwa kibovu mtamtengeneza?" akauliza mzee mmoja.

"Hapana, baba. Hatutibu mtu. Tunataka wenye afya zao tu."

Hapo ndipo alipoharibu, maskini, na hakujua.

Kwetu huku, kabla ng'ombe za mahari hazijatembea, ukoo unachunguzwa. Watu wanatumwa kuuliza pembeni. Kwao hakuna kifafa? Hakuna wazimu? Bibi yao alipokuwa anakata roho alikuwa anaongea na nani? Kazi hiyo inaweza kula msimu mzima na pombe nyingi. Sasa imekuja mashine inayochagua wenye vichwa vyao vizima kwa asubuhi moja, bila pombe. Nani aiache? Mwezi haukuisha, wazazi wa maharusi wakaanza kupanga foleni Mukendo na makoti yao ya kanisani. Daktari akawa anaandika kwenye taarifa zake kwamba watu wa Musoma wanapenda sana sayansi.

Marieta, muuza nyanya wa Nyasho, alikubaliwa mapema. Alitoka mle na soda mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kubishana naye bei. "Mimi nimepimwa," anasema. "Wewe umepimwa wapi?"

Hapohapo Nyasho alikaa Nyamhanga na mkewe Pelagia na binti yao Dorkas. Pelagia alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vya minofu vinatuachia sisi baada ya nyama kupanda ndege. Dorkas alishona. Nyamhanga, ambaye kiwanda cha nguo kilikuwa kimemrudisha katika fungu la pili, alikuwa na chuma kichwani.

Ndivyo mtaa ulivyojua. Juu ya sikio lake la kushoto palikuwa na kovu refu kama dagaa, na ndani ya kovu, alisema, kilikaa kipande cha bomu cha vita vya Kagera. Mvua ikikaribia, kinauma. Kwenye misiba, kiti chenye egemeo kilikuwa chake. Muuza kahawa alimwongezea kikombe bila kuombwa. Mwanamume anayelishwa na kikaango cha mkewe anahitaji kitu cha kukalia, na Nyamhanga alikalia chuma.

Kweli ni hii, niiseme mapema mtu asije akahangaika kubahatisha. Mwaka wa vita Nyamhanga alikuwa mgambo, akapangiwa kulinda ghala la mahindi Bunda. Alilinda vizuri. Siku moja upepo ukausukuma mlango wa ghala, komeo likamchana juu ya sikio. Basi. Alirudi Nyasho na bandeji, watu wakamuuliza, "Umetoka vitani?" Akasema, "Ndiyo." Neno moja hilo. Mengine waliyajaza wenyewe, yeye akawa anayapokea tu, kama mtu anayetupiwa zawadi.

Dorkas alikuwa amependana na Alfonce, kijana wa Butiama aliyetengeneza redio pale Mukendo. Baba yake Alfonce, Mzee Magesa, alipokuja kwa mara ya kwanza kuona nyumba, alikuja na koti zito juani na fimbo ambayo hakuihitaji. Alikaa, akasikiliza habari za chuma, akaona mwenzake anamzidi. Magesa hakuwa mtu wa kuzidiwa kwenye kiti cha ugeni.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu.

"Mimi nani?" akauliza Nyamhanga.

"Sikio la kushoto. Pale kilimani. Mwenzangu, mimi ndiye niliyekubeba."

Nyamhanga akakohoa.

"Nilikubeba mgongoni tangu asubuhi mpaka tulipokuta lori. Njia nzima unaniambia, 'Mimi ni Nyamhanga wa Nyasho, nikifa mwambieni mama.' Nikakwambia, 'Nyamaza, mura, wewe ni mwanaume, hufi.' Ulikuwa mzito wewe."

Pelagia akajifuta macho kwa khanga. Dorkas akamtazama baba mkwe kama anayetazama picha ya mtakatifu. Na Nyamhanga? Nyamhanga akajua hapohapo kwamba sasa wako wawili. Lakini angesemaje? Angesema, "Mzee, hukunibeba, mimi nilikuwa Bunda"? Akasema, "Asante sana." Wakakumbatiana. Pelagia akaenda kwa jirani kuazima sato mzima.

Kila Magesa alipokuja, safari ya kilimani ilirefuka. Alipokuja mara ya tatu walivuka mto. Alisimulia vizuri mpaka Nyamhanga mwenyewe akaanza kukumbuka ubaridi wa maji.

Ziara hiyo ndiyo iliyoleta neno. Magesa alikuwa amekwisha kunawa. "Mkwe, mimi binafsi sina tatizo," akasema. "Ila wazee wangu wa Butiama wanasema mashine ipo. Baba wa binti apimwe, na mimi nipimwe. Tukikubaliwa sote, ng'ombe zinatembea."

"Na wewe utakaa kwenye kile kiti?"

"Nitaogopa nini? Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mbele ya watu."

Nyamhanga alitangulia Mukendo peke yake, siku ya katikati ya juma, ili ajue kiti kinafananaje. Alitegemea kukuta watu wachache. Akamkuta Marieta kwenye benchi, na kapu lake la nyanya miguuni, maana alikuwa ameshapata kazi ya kufagia pale.

Daktari Selestina alimpokea vizuri. "Shikamoo, mzee wangu. Kabla hatujaanza nina maswali. Umewahi kuanguka kifafa?"

"Marahaba. Hapana."

"Moyo unakusumbua?"

"Unadunda tu."

"Una chuma chochote kichwani? Risasi, kipande cha ajali, chochote?"

Nyamhanga alifungua mdomo aseme hapana. Marieta akamwahi kutoka kwenye benchi. "Anacho, Daktari. Tena cha bomu. Mwambie, Baba Dorkas, usione haya, hicho ndicho kilichotukomboa."

Daktari alimtazama Nyamhanga. Marieta alimtazama Nyamhanga. Hata mzungu aliingiza kichwa dirishani.

"Kipo," akasema Nyamhanga.

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi pole sana, baba. Hatutaweza kukupokea. Sumaku na chuma haviwezi kukaa pamoja kichwani, tunaweza kukuumiza. Lakini usielewe vibaya, hii haina maana kwamba kichwa chako kina kasoro."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa mazuri sana, na Marieta hakuyasikia. Alikuwa ameshajitwika kapu, yuko barabarani.

Habari ilifika Nyasho kabla ya Nyamhanga, na yeye alikuwa na baiskeli. Haikusema chuma wala sumaku. Ilisema: Nyamhanga amekataliwa na mashine.

Muuza kahawa alimmiminia kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akamsogelea uso kwa uso. "Ba-ba Dor-kas," akasema kwa sauti kubwa. "Hii ni ka-ha-wa. I-na mo-to."

"Clementi, nimekunywa kahawa yako tangu hujaota ndevu."

"Vi-zu-ri," akasema Clementi, na akampigapiga bega.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha msiba. Nyamhanga alisimama akatoa hoja ya maana kabisa, kwamba kuni zinunuliwe mapema kabla mvua haijanyesha. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma. "Tumshukuru mwenzetu kwa kujaribu," akasema. Nusu saa baadaye mtu mwingine alisema habari zilezile za kuni, akapigiwa makofi.

Wateja wa Pelagia nao hawakukosa. "Mama Dorkas, pole na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Haya, tufanye hakuna." Wakachukua panki, wakaondoka wanatikisa vichwa, vile vichwa vyao vizima.

Jioni Alfonce akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya kifo. Dorkas aliendelea kukanyaga cherehani, ila nguo haikuwemo.

"Karibu ndani, mura," Nyamhanga akasema. "Sema."

"Baba amesema..." Alfonce akazungusha kofia. "Amesema kichwa chenye kukataliwa ni kichwa chenye neno."

"Si chuma tu? Chuma ambacho yeye mwenyewe alikibeba?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema hakatai, alikubeba. Ila kumbeba mtu siyo kuoana naye."

Pelagia akaguna.

"Ameshaniulizia msichana Suguti," Alfonce akaendelea, macho chini. "Jumamosi akiona umekubaliwa, ng'ombe zinakuja huku. Asipoona, Jumapili tunaenda Suguti kubisha hodi. Mimi nasema naye kila siku, baba. Hanisikii."

Cherehani ikanyamaza. "Mimi na watu wa Suguti sina ugomvi," Dorkas akasema. "Lakini wachukue kijana mwingine. Huyu mimi nimeshamzoea." Halafu akaanza kukanyaga tena, haraka, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba sindano inashona hewa.

Asubuhi Nyamhanga alimfuata mkewe jikoni, akachutama upande usio na moshi.

"Mama Dorkas. Kile chuma hakipo."

"Kimeenda wapi?"

"Hakijawahi kuwepo."

Pelagia aligeuza panki moja. Akageuza la pili. Akarudi kugeuza la kwanza ambalo halikuhitaji kugeuzwa.

"Rudia, naona moshi umeniingia masikioni."

Akarudia yote, toka mgambo mpaka upepo.

"Komeo," akasema Pelagia.

"Komeo la mlango."

"La ghala."

"La ghala la mahindi."

"Baba Dorkas, kila masika nakukandaga hicho kichwa na maji ya moto. Kuni zangu. Nakupaga minofu, mimi nanyonya mifupa, kwa sababu ukitafuna sana chuma kinacheza."

"Mimi sikusema kinacheza. Wewe uliniuliza kama kinacheza, nikaitikia."

"Umeitikia mengi kwenye nyumba hii." Akachukua kijiko, akakitazama, akakirudisha. Nadhani kile kichwa kiliponea padogo. "Nimejisifu kwa wanawake wenzangu kwenye jumuiya. Nimesema, 'Wa kwangu alipigwa bomu hakulia.' Kumbe alipigwa na mlango. Ulilia?"

"Kidogo."

Mchana ule alimwekea mifupa mitupu. Nyamhanga akailamba, mmoja baada ya mwingine. Na huyo Pelagia, akiisha kununa, ndiye mwenye akili ya nyumba.

"Nenda kwa Daktari, mwambie hakuna chuma."

"Marieta anafagia pale."

"Basi sema kimetoka."

"Kimetokaje?"

Pelagia akafikiri. "Umepiga chafya."

Walilipima jambo hilo kwa makini, watu wazima wawili. Nyamhanga alikuwa na wasiwasi wa ukubwa. Pelagia akasema watu watataka kukiona, kwa hiyo itabidi kutafuta kipande, labda kwa mafundi wa baiskeli.

"Mama," Dorkas akaita kutoka ndani. "Usimfundishe baba uongo mwingine. Mimi sitaki kuolewa kwa chafya."

Wakageuka. Kumbe alikuwa anasikia tangu kwenye komeo.

"Na Magesa je?" Nyamhanga akanong'ona. "Yule anayesema alinibeba?"

"Huyo ni mkwe. Mkwe haumbuliwi na wewe wala na mimi, mila haituruhusu. Wewe shughulikia la kwako."

Wakaenda Mukendo wawili, saa ya Marieta kuwa sokoni. Daktari Selestina aliwasikiliza, akakuna kidevu. "Juzi kilikuwepo, leo hakipo. Baba, ningependa kukuamini. Lakini siwezi kuweka sumaku kwenye kichwa cha mtu kwa maneno. Nenda hospitali ukapige eksirei ya kichwa, niione kwa macho yangu."

Eksirei ilikula mauzo ya mapanki ya juma zima. Pelagia alilipa mwenyewe. Aliibeba bahasha kubwa ya picha chini ya khanga yake mpaka nyumbani, taratibu, kama mtu aliyebeba kioo cha kabati.

Jumamosi nyumba ya Mukendo ilijaa kama siku ya ubatizo. Upande mmoja wa Butiama, makoti na fimbo. Upande mwingine wa Nyasho, pamoja na Clementi na birika lake, maana msiba au sherehe, kahawa inauzika. Kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi, na walioukosa mlango walichukua dirisha. Daktari aliomba watu wapungue. Wakapungua wawili.

Aliitoa ile picha kwenye bahasha, akaiinua dirishani kwenye mwanga. Fuvu la Nyamhanga likatokea mbele ya ukoo wa watu, limekenua.

"Hapa ni taya," Daktari akasema. "Hapa meno. Chuma kingeonekana cheupe kabisa. Mnaona wenyewe. Hakuna."

"Labda kimejibanza nyuma ya jino," Marieta akasema.

"Hakuna chuma, mama."

Macho yote yakahama kutoka kwenye fuvu kwenda kwa mwenyewe. Nyamhanga akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yenye methali ndani yake. Yakamtoka mafupi.

"Hakipo. Sikufika vitani. Nililinda mahindi Bunda, na komeo la mlango likanipiga. Nyinyi mkasema bomu, na mimi nikanyamaza." Akafikiri kama kuna la kujitetea. "Mahindi hayakupotea hata debe."

Watu wakaligeukia tena fuvu. Halafu mwenyekiti wa misiba akauliza, "Na kile kiti chenye egemeo?"

"Kichukueni."

"Na vikombe vyangu vya nyongeza?" Clementi akauliza, haraka safari hii, bila kukata silabi.

"Tutaongea, Clementi."

Nyamhanga alikaa kwenye kiti cha mashine kwa sababu hapakuwa na kiti kingine cha kujificha. Daktari akamwambia ataje miezi ya mwaka, polepole, asijali kitakachotokea. Akaegesha vile vitumbua juu ya sikio la kushoto, jirani kabisa na kovu.

"Januari. Februari. Machi. Apri..."

Ta-ta-ta-ta, ikasema mashine. Mdomo wa Nyamhanga ukabaki wazi, ulimi umelala ndani kama samaki furu aliyetupwa mchangani. Wanawake wakashika vifua. Daktari akaondoa vitumbua.

"...li. Mei. Juni."

"Hapo uliponyamaza, maneno ulikuwa umeyasahau?"

"Hapana, Daktari. Nilikuwa nayaona kabisa. Yamepanga foleni, mlango umefungwa."

Daktari Selestina alifurahi mpaka akacheka. "Hicho ndicho nilichokuja kutafuta Musoma. Asante, baba. Kichwa chako ni kizima, kinawaza kama cha mtu yeyote hapa."

"Mama Daktari," Pelagia akauliza, "hii kitu inauzwaga wapi? Na inatumia betri?"

Watu wakacheka, ubaridi ukaondoka chumbani, Alfonce akamtazama Dorkas, Dorkas akaanza kutabasamu. Ndipo fimbo ya Mzee Magesa ikagonga sakafu.

"Nimeona kichwa ni kizima," akasema na kusimama. "Na huo ndio ubaya wenyewe. Angekuwa mgonjwa, ningemsamehe. Lakini huyu ametudanganya na akili zake zote. Ukoo wangu hauchukui mke kwenye nyumba ya waongo. Alfonce, kesho Suguti."

"Baba..."

"Nimesema kesho."

Wazee wa Butiama wakaitikia kwa koo. Nyamhanga aliinamisha kichwa, na sasa hakuwa na chuma cha kukiegemeza. Dorkas alikunja ncha ya khanga, akaikunjua, akaikunja. Pelagia hakumtazama mkwe wake hata kidogo, adabu haimruhusu. Aliinama tu upande wa pili, akasema neno dogo kwenye sikio la Marieta. Na Marieta, tangu azaliwe, hajawahi kupewa neno akakaa nalo.

"Mzee Magesa," Daktari akaita, maana yeye alikuwa na kazi yake na siku ilikuwa inakwenda. "Zamu yako, karibu."

Magesa akavua koti, akampa Alfonce. Akakaa kwenye kiti kama anayesimikwa. Maswali aliyajibu kwa sauti ya kufika dirishani. Kifafa hapana, kwao hakuna. Moyo ni wa simba. Chuma hapana. "Mimi vitani niliingia nikatoka bila hata mchubuko."

"Vizuri. Anza kutaja miezi, mzee, uzoee."

Akaanza, huku Daktari akitafuta mahali pa kuegesha vitumbua juu ya sikio lake. "Januari. Februari. Machi." Alitaja kila mwezi kama anayegawa shamba lake. "Aprili. Mei. Juni."

"Mzee, samahani," Marieta akasema kutoka kwenye benchi. "Nauliza tu kabla hujafika Desemba. Kama Baba Dorkas alikuwa Bunda na mahindi, sasa wewe kule kilimani ulimbeba nani?"

"Julai," akasema Magesa.

"Maana ulisema alikutajia jina. Mpaka mto mlivuka."

"Ago..."

Mdomo ukabaki wazi. Wazee wa Butiama wakasogeza viti mbele. Alfonce akashusha koti la baba yake. Kwa nje ya dirisha, mzungu alikuwa bado ameinamia jenereta iliyokuwa imezimika, anaivuta kamba.

Daktari Selestina alivitazama vitumbua vilivyokuwa mkononi mwake, akalitazama kabati, akamtazama mgonjwa wake asiyekuwa mgonjwa.

"Endelea tu, mzee," akasema kwa upole. "Mashine bado hatujaiwasha."